Mtu Wake Hajaruhusu

Msimu wa maharage mapya, soko la Kasulu halimsubiri mtu. Jumamosi ile ya mwezi wa sita magunia yalikuwa yamefika mpaka barabarani, akina mama kutoka Buhigwe wanagombana na wapakiaji, na katikati ya kelele zote hizo mizani ya kidijitali ya mfanyabiashara mmoja ikagoma. Gunia la kilo mia lilipowekwa juu yake, ilisoma kilo saba.

"Kilo saba! Unataka kutuibia mchana kweupe?"

"Mama, si mimi, ni mashine!"

Hapo ndipo alipojitokeza Saady Athuman, kijana wa Kibondo aliyetumwa na mama yake kununua maharage. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu, suruali ya kadeti na raba nyeupe, ambazo mtu yeyote wa Kasulu angemshauri azivue kabla vumbi jekundu halijazimaliza.

"Pisheni kidogo," alisema. "Pisheni, mimi ni mhandisi."

Watu walipisha. Mhandisi akabonyeza vitufe, akazima, akawasha, akakunja uso. Kilo saba.

"Hii ni shida ya programu," alitangaza. "Inatakiwa kufutwa ianze upya. Kuna kompyuta hapa karibu?"

"Kompyuta kwenye maharage?" sauti ya kike ikauliza nyuma yake.

Aligeuka. Alimwona msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa gauni refu la kijani kibichi na mtandio wa rangi ya maziwa alioufunga nyuma ili usimwingie machoni. Sikioni, pale wengine wanapoweka kalamu, alikuwa amechomeka bisibisi ndogo. Wala hakumtazama Saady. Alimtazama mwenye mizani.

"Baba, jana mizani ililala wapi?"

"Stoo."

"Juu ya nini?"

"Juu ya... juu ya gunia la sukari."

Msichana akachuchumaa, akafungua skrubu nne, akainua bamba la chini. Sisimizi wakamiminika kama waliofunguliwa mlango wa msikiti baada ya swala ya Ijumaa. Soko zima likapiga kelele.

"Hiyo hapo programu yako, kaka," alisema akiwapukuta kwa brashi. "Inatembea."

Watu walicheka mpaka wengine wakaweka mizigo chini. Kijana mwingine angenuna na kuondoka. Saady alicheka kuliko wote, na mimi nasema kicheko kile ndicho kilichomwokoa, maana ndicho kilichomfanya Adija Hilali amtazame kwa mara ya kwanza. Aliona meno yenye mwanya na macho yasiyo na kinyongo. Akajikuta anatabasamu bila kupenda.

"Umesomea wapi?" Saady akamwuliza.

"Ndiyo unaanza na hilo? Mizani imepona mbele yako, na bado unataka kujua nimesomea wapi?"

"Basi nifute swali. Nitakupata wapi?"

"Duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Hilali, kona ya ndani, penye meza yenye redio za watu. Mzee Hilali ni baba yangu, kwa hiyo uje na adabu."

"Na namba?"

Alimpa. Saady aliiandika kwa jina la Fundi Sisimizi. Adija naye akamwandika Pisheni.

Kutoka Kibondo mpaka Kasulu si karibu, lakini simu haijui milima. Wiki ya kwanza walizungumza mara mbili. Wiki ya tatu mama yake Saady, Mama Swaumu, muuguzi mstaafu, akaanza kuuliza kwa nini maharage yanaisha haraka nyumbani kwake, na kwa nini mwanawe kila mara anajitolea kufuata mengine Kasulu.

"Fundi Sisimizi, umeamkaje?"

"Salama, Pisheni. Umekula?"

"Nimekula, lakini sijashiba. Kuna sauti nilikuwa sijaisikia."

"Acha zako! Maneno hayo mlifundishwa chuoni?"

"Hayo nimejisomea mwenyewe, kipenzi."

Chuo. Hapo palikuwa na mwiba, na Saady hakuuona mapema. Alikuwa amemaliza shahada katika chuo kikuu kikubwa, mojawapo ya vile vitatu ambavyo kampuni ya Sambamba huvitembelea kila mwaka. Sambamba ni ya Dar es Salaam, inajenga visima vinavyoendeshwa kwa umeme wa jua, kila kimoja na kisanduku kinachopima maji na kutuma habari zake ofisini. Watu wake huja chuoni na sambusa na fulana za bure, huwachagua vijana kabla hata ya matokeo, kisha hufunga mlango. Saady alichaguliwa mwezi wa tatu. Kazi yake ilikuwa ianze mwezi wa tisa.

Adija alikuwa na stashahada ya ufundi umeme kutoka chuo kidogo cha mkoani ambacho Sambamba hawajawahi kukisikia. Alikuwa ameomba kazi kwao mara tatu. Mara zote tatu alijibiwa ndani ya dakika moja, na majibu yalifanana mpaka nukta: chuo chako hakimo kwenye orodha yetu.

"Dakika moja," alimwambia Saady kwenye simu. "Hata barua yangu hawajamaliza kuifungua."

"Ni mashine inayojibu, mpenzi."

"Najua ni mashine. Aliyeifundisha kunikataa ni mtu."

Alitaka kazi ile, na hakuificha hamu yake. Redio za watu na simu zilizodondoka kwenye ndoo za maji zilikuwa zimemchosha. Alijua anaweza kazi kubwa kuliko hizo, na kujua jambo kama hilo wakati hakuna anayekuuliza kunauma.

Siku moja alimwita Saady waende Murungu. Kisima cha Sambamba cha pale kilikuwa kinazima kila mchana wa kiangazi, na kamati ya maji ilikuwa imechoka kuwasubiri watu wa Dar. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Longinus, aliwapokea huku anajikuna kidevu.

"Mafundi wa kampuni wamekuja mara tatu," alisema. "Kila wakija, kinafanya kazi vizuri. Wakiondoka tu, kinakufa. Sisi tunasema labda kinawaogopa."

Saady alikuwa ameshafungua kompyuta mpakato. Adija alikuwa ameenda kukaa na bibi mmoja aliyejitwisha ungo.

"Mwakeye, bibi," alimwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, mwana."

"Mihogo hiyo unaenda kuianika wapi?"

Bibi Niyubahwe akaelekeza kwa kidevu, bila wasiwasi wowote, kwenye paneli za jua. Zilikuwa nyeupe kutoka ukingo hadi ukingo. Mihogo iliyovundikwa ilikuwa imepangwa juu yake kwa mistari iliyonyooka vizuri sana.

"Ni safi, pana joto, kuku hawafiki," bibi alieleza.

"Na wageni wa Dar wakija?"

Bibi alimtazama kama mtu asiye na malezi. "Wageni watukute tumeanika mihogo kwenye kitu chao? Wakipiga simu tu kwamba wanakuja, tunaondoa, tunafagia, tunamwagia maji. Mgeni hapokelewi na uchafu."

Mzee Longinus akaangalia mbali. Saady akafunga kompyuta yake polepole, akaangua kicheko, akamshika Adija mkono mbele ya kamati nzima.

Adija hakumgombeza mtu. Siku ile ile waliomba miti, wakajenga uchanja mpana kando ya kisima, juu kuliko kuku anavyoweza kuruka. Saady alishika miti, Adija akapiga misumari. Jioni raba nyeupe zilikuwa za kahawia.

"Tuwaambie Sambamba," Saady alisema.

"Niliwaandikia kwenye ombi la tatu kwamba naweza kutafuta kwa nini visima vyao vya huku vinakufa. Dakika moja, Saady. Wakitaka kujua, waje waulize."

Mwezi wa nane Sambamba wakatangaza mtihani wa mtandaoni ulio wazi kwa kila mtu. Watu mia sita walifanya. Adija hakumwambia Saady, kwa sababu hakutaka hata harufu ya kubebwa. Alishika nafasi ya pili. Sambamba, ambao nadhani walitangaza mtihani ule kwa ajili ya sifa, wakashtuka. Wakatafuta sharti, wakalipata: asiyetoka kwenye vyuo vitatu ataje watu watatu walioona kazi yake. Adija aliwataja mwalimu wake wa chuo, Mzee Longinus wa Murungu, na Saady Athuman. Alipanga kumwambia Saady Jumamosi, uso kwa uso, akiwa amevaa gauni jipya. Alidhani watapiga simu wiki inayofuata.

Walipiga Alhamisi.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kwetu. Posa haianzi na barua. Inaanza na maswali. Upande wa mwanamume hutuma watu wapite kwa majirani na marafiki, waulize habari za binti: tabia yake, nyumba yao, kama ana mtu. Wanauliza kwa upole, na hawasemi wametumwa na nani mpaka mwisho. Na wiki ile ile Mama Swaumu alikuwa amerudi kutoka msibani Kasulu na habari kwamba Khamisi, mfanyabiashara mwenye ndugu mpaka Tanga na Dar es Salaam, watu wake wameonekana wakiulizia nyumba ya Mzee Hilali. Saady hakula vizuri siku mbili.

Kwa hiyo simu ilipolia saa nne asubuhi, na namba ikawa ngeni, na sauti ikawa ya mwanamke mtu mzima mwenye staha, Saady alikuwa ameshajibu moyoni kabla ya kuulizwa.

"Habari za asubuhi, kijana. Napiga kutoka Dar es Salaam. Tunaulizia kidogo kuhusu binti Adija Hilali. Utaratibu wetu tunauliza kwanza, tunajitambulisha baadaye. Hutajali?"

"Uliza tu, mama," Saady alisema.

"Unamfahamu vizuri?"

"Kuliko mnavyodhani."

"Anasikilizana na watu?"

"Huyo? Mkaidi. Ukimwambia neno moja anakurudishia kumi. Hamtamweza."

"Aha. Na kuhamia huku Dar es Salaam, unaonaje?"

"Hawezi. Hilo futeni kabisa."

"Kuna jambo linalomzuia?"

Saady akavuta pumzi. Alijiona shujaa, masikini. "Ana mtu wake, mama. Na mtu wake hajaruhusu."

"Hajaruhusu," mwanamke akarudia, kama anayeandika. "Asante, kijana. Sasa mimi naitwa..."

Saady alikuwa ameshakata. Akaruka hewani peke yake uani, akapiga ngumi hewa, akaenda jikoni akala chakula cha siku mbili.

Jumamosi mchana Adija alishuka stendi ya Kibondo akiwa na gauni lake jipya la kitenge cha zambarau na ushungi wa dhahabu, na akina kaka wote wa bodaboda wakasahau abiria wao. Saady alimsubiri mgahawani, mbele ya chai ya maziwa na chapati, uso umemjaa furaha. Furaha ile ilikauka alipomwona machoni.

"Kipenzi, umependeza mpaka..."

"Juzi ulipigiwa simu kutoka Dar?"

"Ee! Nilitaka nikuhadithie. Watu wa Khamisi. Nimewafukuza mpaka leo bado wanakimbia."

Adija alikaa. Aliweka mikono yake mezani, mmoja juu ya mwingine.

"Walikuwa Sambamba," alisema. "Nilifanya mtihani wao. Nimekuwa wa pili kati ya mia sita. Nilikutaja wewe uwaambie ulichokiona Murungu. Jana mkuu wao wa ajira, dada Ghati, amenipigia mwenyewe. Ni mwanamke mkweli, hakutaka nikataliwe bila kujua sababu. Kasema mmoja wa watu wangu kaeleza kwamba sisikilizi mtu, kwamba Dar siwezi, na kwamba nina mtu wangu. Nani hajaruhusu, Saady?"

Chai ilipoa. Saady alisukuma kikombe pembeni.

"Wallahi nilidhani ni watu wa posa."

"Najua ulidhani hivyo. Nilijua pale pale, nikiwa na simu sikioni, na karibu nicheke." Sauti yake ikapasuka. "Lakini nikajiuliza. Hata wangekuwa wa posa. Nani alikupa kinywa cha kunijibia? Unaulizwa kama naweza kwenda Dar, unasema hawezi. Ungeshindwa kusema, mwulizeni mwenyewe?"

"Nilikuwa naogopa kukukosa."

"Ile mashine yao inanikataa kwa dakika moja bila kunisikiliza. Wewe ulitumia dakika ngapi?"

Aliinuka, akaacha chai, akaacha chapati, akaondoka na basi la saa nane. Saady alibaki anatazama ule ushungi wa dhahabu mpaka ukaingia ndani ya basi. Na alilia, ndiyo, mgahawani, mhandisi wa chuo kikubwa, na mwenye mgahawa akajifanya anahesabu vikombe.

Kwa wiki nzima simu ya Adija haikupokelewa. Saady alimweleza mama yake yote. Mama Swaumu aliweka chini kisu cha mchicha.

"Umemkosea yeye, halafu unakuja kuinamisha kichwa kwangu? Mimi nina kazi gani na msamaha wako?"

"Hapokei, mama."

"Si lazima apokee. Palipoharibika ni wapi? Kwenye simu yake, au kwa hao uliowajibu?"

Akaandika barua kwa Sambamba siku hiyo hiyo. Haikuwa ndefu. Mimi Saady Athuman, ambaye ninyi wenyewe mmenichagua chuoni, nilijibu maswali yenu kuhusu Adija Hilali kwa wivu, nikidhani mnamtafutia mume. Nilichosema hakikuwa kweli wala hakikuwa changu kusema. Akaweka jina lake kamili na namba yake.

Kesho yake sauti ile ile ikampigia.

"Kijana, naitwa Ghati. Safari hii nimejitambulisha mwanzo ili usinikimbie. Nimecheka barua yako mpaka ofisi imenijia. Halafu nimeacha kucheka. Unajua hii inaweza kukunyima kazi yako mwenyewe?"

"Najua, dada."

"Haya. Basi niambie ukweli wake. Anaweza kazi?"

Hapa Saady alikuwa na sifa mia moja mdomoni, zimejipanga. Alizimeza.

"Mwulizeni mwenyewe, dada Ghati. Nimeshasema sana kwa niaba yake. Nitakwambia nilichokiona tu. Angalieni kisima cha Murungu kwenye kompyuta zenu."

Vitufe vikasikika. Ghati alikuwa anaangalia visima arobaini vya Kibondo na Kasulu ambavyo vilikuwa vinamnyima bosi wake usingizi kwa miaka miwili. Thelathini na tisa vilikuwa vinazima kila mchana. Kimoja kilikuwa hakijazima siku hata moja tangu wiki ya pili ya mwezi wa saba.

"Kimefanywa nini hiki?"

"Hilo pia mwulizeni yeye. Ila mkija, msipige simu vijijini kabla. Msimwambie mtu yeyote."

Jumanne iliyofuata mwanamke mnene mwenye miwani na viatu vilivyojaa vumbi aliingia katika duka la Mzee Hilali, akapita mabati, akapita misumari, akafika kona ya ndani. Adija alikuwa ameinamia redio, amevaa aproni ya turubai juu ya gauni la kijani.

"Wewe ndiye Adija? Mimi Ghati. Kuna mtu kaniambia nisimuulize yeye, nikuulize wewe. Kwa nini kisima cha Murungu hakizimi?"

Adija akatoa bisibisi sikioni.

"Nikikuambia hutaamini, dada. Una gari?"

Walienda Murungu kwanza. Uchanja ulikuwa umejaa mihogo, paneli zinametameta, na maji yanatiririka. Bibi Niyubahwe aliwakaribisha huku analalamika kwamba wageni wanaokuja bila taarifa hawampi mtu nafasi ya kufagia. Kisha Adija akamwambia dereva aendelee mpaka kijiji cha pili. Waliteremka saa saba mchana, jua la kiangazi limesimama wima, na Ghati akaziona paneli za kampuni yake. Nyeupe. Kutoka ukingo hadi ukingo. Mistari imenyooka.

Ghati alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wahandisi wangu tisa," alisema. "Tisa, wa vyuo vikuu. Miaka miwili wanaandika programu upya."

"Walikuwa wanapiga simu kabla ya kuja," Adija alisema. "Watu wakawafagilia. Ni heshima, dada. Hakuna aliyewadanganya."

Ghati akampigia bosi wake pale pale, akaweka sauti wazi. Alieleza mihogo, uchanja na ufagio. Upande wa pili ukaguna, ukacheka, ukaguna tena, halafu ukauliza swali lake.

"Huyo binti amesoma chuo gani?"

"Bosi," Ghati alisema, "swali hilo ndilo limetuzimia visima thelathini na tisa."

Wanakijiji, ambao hawakuelewa yote lakini walielewa sauti, walipiga makofi. Ghati akamgeukia Adija. "Tunakutaka. Njoo Dar es Salaam mwezi ujao."

Adija aliukaza mtandio. Ilikuwa ndiyo kazi aliyoiota, na angeweza kusema ndiyo na kunyamaza. Hakunyamaza.

"Kuja nitakuja, nijifunze miezi mitatu, nami naweza kuishi Dar vizuri tu. Lakini kazi yenu iko huku. Nataka ofisi Kasulu, na mafundi wawili niwachague mwenyewe. Na mtihani ule uje kwanza kila mwaka, kwa kila mtu. Chuo mkiulize baadaye, mkiona bado kina maana."

Jogoo akawika. Mwishowe sauti ya bosi ikasema, "Ghati, huyu ndiye yule mkaidi?"

"Ndiye."

"Mwandikie mkataba."

Siku hiyo Mzee Hilali alifunga duka kabla ya alasiri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya isipokuwa kwa msiba na Idi. Mtaa mzima wa Murubona ulikula pilau. Na Adija, mikono bado ina harufu ya kitunguu, akaingia chumbani akatafuta namba ya Pisheni.

Saady alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. "Adija! Fundi... mpenzi, mimi..."

"Subiri. Nimeambiwa ulichomwambia dada Ghati."

"Nilimwambia nini? Sikumwambia kitu."

"Ndiyo maana nimepiga."

Kisha Adija akaanza kucheka, na Saady akasikia kwamba ndani ya kicheko kile kuna machozi, na yake yakajibu.

"Nilikukosa, Pisheni. Nilikukasirikia kila siku na nilikukosa kila siku. Inachosha sana."

"Nisamehe, kipenzi changu."

"Nimekusamehe tangu wiki iliyopita. Nilikuwa naona aibu kupokea."

Sambamba walimsogezea Saady kazi yake mbele kwa miezi mitatu, ili ajifunze kuuliza anayempigia simu ni nani. Alikubali bila kunung'unika. Khamisi naye, kwa taarifa yako, hakuwahi kutaka kuoa. Watu wake walikuwa wanaulizia mabati ya jumla.

Mwezi wa pili, Adija akiwa amerudi kutoka Dar na kibao cha Sambamba kimetundikwa kando ya duka la baba yake, wazee watatu kutoka Kibondo walifika Kasulu na barua iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe. Mzee Hilali aliwakalisha sebuleni, akaisoma barua, akaikunja. Kawaida baba hujibu. Wazee wakasubiri.

"Ndugu zangu," alisema Mzee Hilali, "kuna mtu aliwahi kumjibia huyu binti. Kilichomkuta mnakijua. Mimi sithubutu. Adija!"

Adija alitoka ndani. Alivaa gauni la hariri la rangi ya chungwa, hina mpaka kwenye viwiko, na sikioni, ingawa mama wadogo walipiga kelele za kumkataza, bisibisi ndogo. Aliwapa wazee shikamoo mmoja mmoja. Kisha akatoa simu na kuweka sauti wazi.

Saady alikuwa nje, ng'ambo ya barabara, chini ya kibao cha duka la jirani, kwa sababu bwana harusi haingii na wazee. Alivaa kanzu nyeupe na raba za kahawia. Kwenye kioo cha simu yake likatokea jina la Fundi Sisimizi.

"Habari za mchana, kijana. Napiga kutoka Kasulu. Naulizia kidogo kuhusu Saady Athuman. Utaratibu wetu tunauliza kwanza, tunajitambulisha baadaye."

Wazee wakatazamana. Mmoja akaficha tabasamu kwenye ndevu.

"Uliza tu, mama," Saady alisema.

"Tabia yake?"

"Ana haraka ya kujibu. Anajirekebisha."

"Anasikilizana na watu?"

"Siku hizi anasikiliza kwanza."

"Kuhamia Kasulu?"

"Ameshaomba uhamisho. Barua imejibiwa jana."

Hilo Adija hakulijua. Alishika ukingo wa meza, akatazama dirishani. Aliiona kanzu ng'ambo ya barabara.

"Ana mtu wake?"

"Anaye."

"Na huyo mtu wake, ameruhusu?"

Barabara yote ilikuwa na kelele, bodaboda, kuku, mwenye spika anatangaza nyanya. Saady aliinua macho dirishani.

"Hilo," alisema, "mwulizeni mwenyewe."

Adija aliiteremsha simu. Akawageukia wazee wa Kibondo, akamgeukia baba yake, uso wake umelowa na unang'aa, na akajibu kwa sauti ambayo hata ng'ambo ya barabara ilisikika bila simu:

"Ameruhusu."